Mabafle ya Kukusikilizia, Masika

Masika wangu,

Barua hii usiifungue hapa. Ifungue ukishavuka mpaka, ukiwa umekaa kwenye kiti chako na jirani yako amesinzia. Ukiisoma mbele yangu itanibidi nijifanye nina kikohozi, na mimi kukohoa kwa uongo sijui. Mama yako ataniletea chungu kizima cha majani ninywe.

Mambo ya shuka, sabuni, karatasi za mpakani na kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua nayaruka yote. Mama yako alianza kukuambia hayo tangu Jumapili na mpaka sasa hajafika kwenye soksi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la mabafle. Usicheke. Ndiyo, barua ya kumuaga binti yangu nimeijaza spika. Ulitegemea nini kutoka kwa Papa Bafle?

Sasa hivi umekwenda Murara kumuaga mwalimu wenu Mama Odile na wenzako wa kwaya. Mama yako yuko nje anatwanga majani ya sombe, na mimi nimejifungia karakanani. Kila anayegonga namwambia, "Niko nashika umeme, usiguse mlango!" Wanakimbia. Kwa hiyo nina mchana mzima. Mwandiko wangu unaujua: niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na mwalimu wa Kifaransa alifurahi kuliko mimi. Lakini nilipokuwa na umri wako nilikuwa tayari na mtoto, na karakana, na masharubu. Masharubu yalikuwa machache, nakubali. Mpaka leo tukipita barabarani watu wanadhani mimi ni kaka yako. Wewe unanuna, mimi nawanunulia soda.

Jambo lenyewe ni hili. Wewe ni mtoto mzuri, una heshima, unajua kazi, lakini kwenye simu wewe ni mwongo. Unakumbuka ulipokuwa kwa koko yako, mama yangu, kule Butembo ukashikwa na tifoidi? Kila nikipiga: "Niko sawa, Papa." Ukarudi nyumbani umebaki shingo na macho. Mtoto anayesema kwa sauti ile ile akiwa mzima na akiwa anakaribia kufa, mzazi wake afanyeje? Mimi nikawaza: kuna mahali uongo wa Masika haufiki, nako ni kwenye vidole. Ukikaa mbele ya piano, kama umekasirika najua. Kama una njaa najua. Kama yule kijana wa sauti ya tenori amekusalimia najua pia, na hilo tutaliongea siku nyingine.

Ndiyo maana, kwa kuwa ulikubaliwa kwenda Kampala kusomea piano, nimekuwa natafuta kitu kimoja: mabafle mawili ya kuweka saloni, pale tunapokalisha wageni, ambayo ukinitumia muziki wako kutoka kule nitakusikia wewe, jinsi ulivyo siku hiyo. Muziki mtamu ninao mwingi. Wewe niko na mmoja.

Sasa, katika mtaa mzima wa Mabanga hapa Goma, nani anajua mabafle kuliko mimi? Usijibu, najijibu mwenyewe: hakuna. Arusi, matanga, ubatizo, kampeni, duka linalofunguliwa, kanisa linalopigana na kanisa la ng'ambo ya barabara, wote wanakuja kwangu. Na hapa kwetu unajua bafle linapimwaje: kwa chupa. Mteja hasikilizi. Anasimamisha chupa ya bia juu ya bafle, anasema fungua, na chupa ikianza kutembea anafungua mkoba. Pale Kibumba, kwenye arusi ya mtoto wa yule mfanyabiashara wa viazi, bwana arusi alisimamisha chupa iliyojaa. Nikafungua. Chupa ikatembea, ikageuka, ikatembea tena kama mlevi, mwisho ikamwangukia mjomba wa bibi arusi mapajani. Mjomba akainuka, akakamua suruali yake mbele ya watu wote, akasema: "Hii ndiyo bafle!" Mwaka ule nilipata kazi Kibumba nzima.

Nakuambia hivyo ujue nilikotoka. Mtu aliyekula kwa chupa inayotembea hawezi kusikia piano. Hata hajui kwamba kuna cha kusikia.

Kisha ikaja Pasaka ile. Koko yako alikuwa amezikwa Butembo bila sisi. Barabara haikupitika, mambo ya barabara yetu unayajua. Wewe ukapiga piano kwenye ukumbi wa parokia Murara, peke yako, bila kwaya. Mama yako alikuwepo. Mimi nilikuwa nimefunga vyombo kwenye ubatizo mahali pengine, lakini nilikuwa nimekupa kinasa sauti changu, kile kidogo. Ukarudi nacho, nikakipachika kwenye mabafle yangu makubwa, nikafungua mlango wa saloni ili jirani wasikie binti wa Papa Bafle. Wakaja. Yule mama wa mlango wa tatu akaanza kutikisa mabega. Watoto wakaruka. Mimi nikawa napiga makofi.

Wewe ulikaa kizingitini umeshika kichwa.

"Papa, zima."

"Nizime nini? Ona batu! Mutoto wangu anawachezesha bila hata ngoma!"

"Huyo haiko mimi."

"Ni nani basi, jirani?"

"Sijui. Ni mutu mwenye furaha."

Mama yako akatoka jikoni, mikono ina unga. Alinitazama kwanza, kisha akasema polepole, na unajua mama yako akisema polepole ni hatari kuliko akipiga kelele: "Kambale. Mutoto alikuwa analilia mama yako. Ukumbi muzima ulinyamaza. Weye hapa unasikia arusi?"

Nikazima. Nilitaka kusingizia kinasa sauti, lakini kinasa sauti kilikuwa kizima. Mwanangu alikuwa amelia kwa vidole vyake, na mimi, fundi wa sauti, niliyefungua kilio chenyewe kwa mkono wangu, nilipiga makofi. Mabafle yangu yalikuwa yamechukua mkono wako wa kushoto na kuutia nguvu mpaka ukawa ngoma, na mkono wa kulia yakaung'arisha kama sahani za arusi. Kati ya hivyo viwili ulikuwepo wewe, na hukusikika.

Wiki iliyofuata nikaanza kazi. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza na ujinga. Nikasema: kama bafle kubwa halisikiki vizuri, dawa ni kubwa zaidi. Nikaleta yale ya urefu wa mtu, unayakumbuka, mama yako alining'iniza nguo juu yake akidhani ni kabati. Piano ikawa kama lori linalopanda mlima. Nikayatoa. Nikaenda sokoni Birere nikachukua yale madogo mapya yenye taa za buluu zinazocheza kwa mapigo. Mazuri! Hata mimi nilikaa nikayatazama jioni nzima. Wewe ulipita, ukasimama kidogo, ukasema: "Papa, unasikiliza taa." Ulipoona sijaelewa ukaongeza: "Funga macho." Nikafunga. Piano yako ilikuwa imegeuka vijiko vinavyooshwa kwenye beseni.

Hapo ndipo ulinishika mkono, kama mimi ndiye mtoto, ukanipeleka Murara kwenye ukumbi. Ile siku sitaisahau, ndiyo maana nakukumbusha ingawa ulikuwepo. Ukanikalisha kwenye benchi karibu na ile piano ya zamani, ukapiga noti moja, moja tu, ukaacha mguu kwenye pedali.

"Unasikia nini?"

"Nasikia piano."

"Papa! Sikia tena."

Ukapiga tena.

"Kuna kitu kinagonga. Kama kidole mezani."

"Eeh. Na nyuma, ikishagonga?"

"Nyuma inaimba."

"Na nyuma?"

"Nyuma imekwisha."

"Haijakwisha. Ngojea."

Nikangoja. Pikipiki ikapita nje, mtu akauza mandazi, Mama Odile akakohoa kule kwenye makabati ya vitabu. Na noti ilikuwa bado ipo, nyembamba, inaondoka kama mgeni anayeaga mlangoni na bado ana neno. Mimi nimefanya kazi ya sauti tangu kabla hujazaliwa, na nilikuwa sijawahi kungoja noti iishe. Kwenye arusi nani anangoja? Nyingine imeshakuja juu yake.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikijua ninachotafuta. Bafle la piano lazima ligonge bila kuumiza sikio, liimbe bila kuongeza lake, kisha liweze kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mabafle mengi hayawezi. Sanduku lenyewe ni mbao, na mbao ukiitikisa inataka kusema. Gonga bafle la kawaida ubavuni kwa kifundo cha kidole: linajibu du, kama ngoma. Basi kila noti yako ikija, lile du linakuja nayo, na linabaki likisema wakati noti imeshanyamaza. Hii kazi ya kugonga ubavu uibebe huko uendako. Muuzaji atakuonyesha taa, atakuonyesha kibandiko kinachotaja nguvu, atapiga muziki wake anaoujua. Wewe gonga kwanza.

Nikamwendea Muzee Bahati, yule seremala wa Masisi, nikamwambia anitengenezee masanduku yenye kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi ya vidole viwili katikati. Akanizunguka na penseli yake sikioni.

"Papa Bafle, hii ni ya muziki ao ya maiti?"

"Ya muziki, muzee."

"Basi huyo muziki ni munene." Akapima tena. "Na katikati ya mbao unatia nini? Pesa?"

"Mawe ya volkano."

Akaweka penseli chini. "Mutoto, volkano ilikuja mpaka chumbani kwangu bila kuitwa. Weye unaiita?"

Nilikuwa na akili yangu. Kitu kizito kinazuia mbao kusema, na kitu kizito ambacho Goma hakikosekani ni kile cheusi tunachokanyaga. Lakini pupa, mwanangu. Nilikokota changarawe ile ile iliyomwagwa kwa ajili ya ukuta wa jirani, imenyeshewa usiku, mbichi, nene, ina matundu kama mkate. Nikaijaza, nikaifunga kwa skrubu, nikakuita kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Ukakaa. Nikaweka muziki wako. Ulisikiliza kwa heshima, kisha nikaona mdomo unakutetemeka, nikadhani machozi.

"Papa, ndani ya piano kuna mama anachagua maharagwe."

Mama yako alicheka mpaka akaacha sufuria ikaungua. Na kweli, kila ulipogonga kwa nguvu, yale mawe yalikuwa yanagongana. Siku chache baadaye mbao zikafura kwa maji, skrubu zikatoka zenyewe moja moja. Muzee Bahati alipoona akasema, "Nilikuambia maiti." Nilikuwa na aibu, na mimi nikiwa na aibu nafanya kazi.

Nikaanza upya. Nikaponda mawe, nikaosha, nikaanika mchanga wake juu ya turubai la plastiki uani, kuku wakawa wanachakura kama wamepata urithi. Nikachekecha kwa chekeche ya unga ya mama yako, na kwa hilo nililala njaa. Safari hii nilijaza kidogo kidogo nikishindilia kwa mti, nikingoja, nikiongeza. Nilipogonga ubavu, kidole kiliniuma na sanduku halikusema neno. Nikakaa chini nikalipigapiga kama mtu anayembembeleza ng'ombe.

Unajua nilichojifunza pale? Nilijifunza kwamba maisha yangu yote nilikuwa nauza sanduku linalopiga kelele, na nilikuwa nimejijenga hivyo hivyo. Koko yako alipokuwa akiniambia kwamba anaumwa, mimi nilikuwa nikimjibu kwa mzaha. Mama yako akinieleza jambo, kabla hajamaliza mimi ninalo la kuongeza. Sikuambii uwe bubu. Mimi bubu siwezi, ningepasuka. Nakuambia tu kwamba nilianza kungoja mtu amalize, na nilisikia mambo mengi ambayo yalikuwa yamo nyumbani mwangu miaka mingi.

Lakini tuendelee na kazi, nisije nikawa padri. Masanduku yalikuwa tayari na bado noti za chini zilikuwa zinanguruma. Nikafungua, nikafunga, nikatukana ampli inayokuza sauti. Mwisho ni wewe uliyeweka kiganja ukutani ukasema, "Ni nyumba." Nyumba yetu ya mbao za mikaratusi, iliyokaa juu ya jiwe! Ilikuwa bafle la tatu. Nikayatoa mabafle ukutani nikayaleta mbele, mbali na pembe, na kila moja nikalikalisha juu ya mawe matatu kama sufuria juu ya mafiga, mpaka ule mdomo mdogo wa juu, unaotoa sauti nyembamba, ukawa sawa na sikio la mtu aliyekaa. Mama yako akaingia na chai.

"Sasa wageni watakaa wapi, Kambale? Juu ya muziki?"

"Wageni watasimama. Ni heshima."

"Kwa nani?"

"Kwa binti yako."

Akaangalia mabafle, akaangalia mafiga, akaweka chai chini. Siku iliyofuata alitandika lile zulia lake la arusi mbele ya mabafle, lile ambalo hata mimi sikuruhusiwa kulikanyaga, kwa sababu alisikia ukisema sakafu tupu inarudisha sauti.

Na ile ngazi yako! Ulinirekodia noti zote za piano, kutoka ile ya chini kabisa mpaka ile ya juu inayolia kama kifaranga, polepole, moja moja. Ukasema: "Funga macho, Papa. Ni mutu mumoja anapanda, ao banapokezana muzigo?" Nikasikiliza. Chini alipanda mzee mmoja mnene. Katikati, pale mdomo mkubwa unapoukabidhi mdomo mdogo, alikuja mtu mwingine kabisa, mwembamba, wa kabila jingine. Nikarekebisha. Mara ngapi, sijui. Mpaka jioni ile nilipofunga macho na mtu aliyeanza chini ndiye aliyefika juu, amechoka kidogo, lakini ni yeye. Nilikupigia kelele uje. Ulisikiliza ngazi nzima, ukanibusu kwenye upara. Mimi sina upara. Ni paji pana.

Sasa nifike kwenye wiki hii, kwa maana hapo ndipo nilipokaribia kuharibu.

Unamjua yule muzee wa Himbi anayehama, yule mwenye bustani ya waridi. Alinipa mabafle yake niyajaribu, akitaka nimjibu kabla ya wiki kwisha kama nayachukua. Uliyaona: mbao nyekundu iliyosuguliwa mpaka unajiona, kitambaa kama cha suti ya waziri. Nikayaweka kando ya yangu, yale meusi, mazito, yenye alama za vidole vya Muzee Bahati. Saloni yetu haitoshi jozi mbili. Jozi moja ingebaki, nyingine ingeondoka, na kama yangu ndiyo ingeondoka ningeyavunja nitumie midomo yake kwa wateja.

Masika, yale mazuri yalikuwa mazuri. Niliweka muziki wako wa mwaka jana, ukawa malkia. Kila noti imevaa hariri. Mama yako alisema "Waah!" na akakaa chini bila kufuta kiti. Kosa lako la mwanzo, lile la kidole cha nne, halikusikika. Kiti chako hakikulia. Nikauweka kwenye yangu: kiti kinalia, pumzi inasikika, kosa la kidole cha nne liko pale limesimama kama mdai. Na nakuambia ukweli wa baba: nilitaka ya hariri. Niliwaza, huyu ndiye binti nitakayebaki naye, kila jioni malkia anaingia saloni yangu, jirani wanamsikia wanakufa kwa wivu. Nani anataka mtoto aliye mbali aje na kiti kinacholia? Nilikuwa nimeshaanza kuyafungua yangu skrubu ya kwanza.

Ukija kujinunulia yako siku moja, mtego ni huo huo, na hautakuja na taa za buluu. Utakuja na utamu. Kila utakachoweka kitakuwa kitamu: piano nzuri, piano mbovu, wewe mzima, wewe mgonjwa. Nenda na muziki wako mwenyewe, uliopigwa kwenye chumba unachokijua, siku unayoikumbuka. Ufungue kwa sauti ya piano iliyo chumbani, isizidi. Kama bafle linakukumbusha hata harufu ya siku ile, hilo ni lako. Kama linakusifu tu, mshukuru muuzaji, toka.

Mimi mwenyewe nilisaidiwa na jana. Jana ulipiga ule wimbo wako mrefu pale Murara, mara ya mwisho, na mimi nilikuwa nimesimama na kinasa sauti mkononi. Nilikuwa na kazi nyingi: kuzuia watoto, kumringia Mama Odile, kufuta kitu kilichoniingia jichoni. Sikusikia kitu. Nilisikia tu "binti yangu, binti yangu." Leo asubuhi, wewe ukiwa chumbani unafunga mizigo, nikauweka. Kwanza kwenye yale ya hariri, chini chini: malkia anaagana na watu wake. Nikakaribia kulia kwa fahari. Kisha nikarudisha ile skrubu, nikauweka kwenye yangu.

Pale karibu na mwisho, ambapo mkono wa kushoto unabaki peke yake, ulichelewa. Halikuwa kosa. Uliishika ile noti ya chini ukaishikilia kupita muda wake, kama mtu aliyeshika komeo la mlango na hataki kufungua. Kisha ukavuta pumzi, na pumzi yenyewe ipo, niliisikia, fupi, imekatika katikati. Ukaendelea haraka kidogo, ili tusione. Nikaurudisha nyuma. Nikasikia tena. Nilipogeuka mama yako alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Kule chumbani ulikuwa unakunja nguo na kuimba kwa sauti kubwa, ili nyumba nzima ijue kwamba umefurahi.

Mabafle ya muzee wa Himbi nimeshayarudisha. Alishangaa, akaniuliza kama sikio langu ni zima. Nikamwambia sasa ndiyo limepona.

Kinasa sauti kidogo nimekitia kwenye mfuko wa koti lako, ni chako. Unaponitumia muziki usiutume kama ujumbe wa sauti, simu inauminya; utume kama dokima, faili lenyewe lilivyo, hata kama inachukua muda kufika. Tutangoja.

Unaogopa, mwanangu. Sikuja kukuuliza chumbani kwa sababu ungenijibu vizuri, na mimi ningejifanya nimeamini, na tungepoteza asubuhi yetu kwa adabu. Ogopa tu. Mimi nilipowekewa wewe mikononi niliogopa mpaka muuguzi akaniletea kiti, na bado nilikupeleka nyumbani. Kesho, pale kwenye mpaka, nitafanya utani mwingi na kukuita mzungu wa Kampala. Uniache nifanye, ni mwili wangu unavyolia.

Na ukifika, usingoje mkono utulie ndipo unirekodie. Nitumie wa siku ya kwanza, vidole vikitetemeka, kiti kigeni kikilia, hata ukikatika njiani usimalize. Mimi na mama yako tutakuwa tumekaa saloni, mlango umefungwa, jirani hawamo. Na kama kutoka huku tutasikia kwamba hali ni mbaya kuliko hofu, sitapiga simu kukuuliza. Nitakuja.

Papa yako,
Kambale